MREJESHO: Kombe la kumkumbuka marehemu kapteni wetu wa gofu

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza tuendesheje shindano la kumbukumbu wakati wengi wetu tunacheza kujifurahisha tu na viwango havilingani. Tulifuata ushauri wa Stableford, mfumo wa kuhesabu alama kwa kila shimo: ukishatoa handikapu (mapigo ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na kiwango chake), par, yaani idadi ya mapigo iliyowekwa kwa shimo, ni alama 2, pigo moja zaidi 1, pigo moja pungufu 3. Ukiboronga shimo unaokota mpira, unasonga mbele. Hata wazee wetu walimaliza wakicheka. Wawili walifungana kileleni, tukaamua kwa alama za mashimo 9 ya mwisho kama mlivyosema, na mjane akakabidhi kombe.

Kuanza wote kwa pamoja kwenye mashimo tofauti ndiko kulikotushinda. Makedi (wabeba mifuko ya wachezaji) hawakutosha, tukachelewa, nyama choma ikapoa. Mwakani tutaondoka kwa zamu, shimo la kwanza.