Biodizeli ya mafuta yaliyokaangiwa inageuka mtindi wakati wa kuosha

Mkamuzi: Kipimo ninachotumia kutengeneza biodizeli (mafuta ya injini za dizeli yatokanayo na mafuta ya kupikia): mafuta lita 1, methanoli mililita 200, kostiki soda gramu 3.5, joto nyuzi 55, kukoroga saa nzima. Kwa mafuta mapya gliserini, kile kimiminika kizito kinachojitenga na biodizeli, inatua chini safi kabisa. Kwa yaliyokaangiwa inatua kidogo tu, na maji ya kuoshea yakiingia, vyote vinashikana kama mtindi. Niongeze kostiki? Na hii iliyoharibika inaokoleka?

ToneMojaMoja: Usiongeze kwa kukisia. Mafuta yanapochemka mara kwa mara pamoja na unyevu wa chakula, hukatika na kuachia asidi huru. Kostiki huivamia asidi hiyo kwanza na kufanya sabuni, kisha kinachobaki hakitoshi kuchochea methanoli na mafuta. Kwa hiyo una sabuni nyingi, tena una mafuta ambayo hayakubadilika. Mtindi wako ni kazi ya sabuni.

Pima asidi. Yeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia matone mawili ya fenolfthalini (dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha), halafu dondoshea maji ya kostiki kwa sirinji mpaka rangi ya waridi idumu nusu dakika. (Manjano ya kupikia pia yanafaa: yanageuka mekundu.) Kila mililita iliyoingia ni gramu 1 ya kuongeza juu ya zile 3.5. Zikiingia 3, weka gramu 6.5 kwa lita. Alkoholi hiyo ipime peke yake kwanza; ikiwa nayo ina asidi, utayahesabia mafuta asidi isiyo yake.

Kibuyu: Na maji yaliyomo ndani ya mafuta je? Nayo huzidisha sabuni. Chuja mafuta, yapashe mpaka yapite nyuzi 100 na vipovu viishe, ndipo uyapoze hadi 55. Usitie methanoli yakiwa bado ya moto, maana yenyewe huchemka karibu na nyuzi 65, na mvuke wake ni sumu na unashika moto upesi. Kostiki iliyoganda mabonge imekwisha kunywa unyevu wa hewani, kwa hiyo gramu unazosoma kwenye mizani si za kostiki tupu. Sufuria ya alumini weka mbali: kostiki huila na kutoa haidrojeni.

Mkamuzi: Ethanoli ya asilimia 95 inaweza kushika nafasi ya methanoli?

Kibuyu: Hapana. Ile asilimia 5 ni maji, na kuikeneka tena kwa njia ya kawaida hakuyatoi.

ToneMojaMoja: Kuhusu iliyoharibika: tia maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tikisa polepole, iache itengane. Ikigoma, ongeza siki kidogo kidogo. Siki huvunja sabuni, lakini asidi inarudi ndani ya mafuta, hivyo baada ya kukausha ni lazima upime upya kabla ya kuchanganya tena.

Mzigo ujao, jaribu kabla ya kuosha: mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, zote zikiwa na joto la kama nyuzi 20. Tone likitua chini, hayo ni mafuta ambayo hayajabadilika. Rudia kwa methanoli na kostiki kidogo, usiguse maji kwanza.