Naomba ushauri: majani ya nyanya za kwenye ndoo yanageuka manjano

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninalima nyanya kwenye ndoo za lita 20 hapa Mbagala, katika udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na maji ninayomwagilia ni ya kisima, yenye chumvi kidogo. Majani ya chini yanageuka manjano katikati ya mishipa, ilhali mishipa yenyewe imebaki kijani, jambo linalonifanya nishuku upungufu wa magnesi, kwa kuwa kirutubisho hicho mmea hukihamisha kutoka majani yaliyokomaa kwenda machanga. Ingekuwa chuma, manjano yangeanzia juu, na ingekuwa naitrojeni, jani zima lingepauka. Muuza pembejeo amenishauri niongeze NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu), ushauri nisioafikiana nao, maana potasiamu ikizidi huzuia mizizi kufyonza magnesi.

Kwa aliyewahi kutumia chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi), naomba kujua kama inafaa zaidi kunyunyiziwa majani au kumwagiwa shinani, na kwa kipimo gani. Je, nianze kwa kusuuza udongo kwa maji mengi ya mvua? Matunda machache yanaoza kitako pia, lakini hilo nitalishughulikia kwa kumwagilia kwa mpangilio.