Antibayotiki, chanjo au faji: kipi kinafaa dhidi ya homa ya matumbo ya kuku iliyo sugu kwa dawa?

Mfugaji wa Thika
Ndugu zangu, nina kuku 400 wa mayai, na tangu juma lililopita wamekufa 23, kinyesi cha manjano ya kijani kikiwa kimegandia nyuma na undu umepauka. Niliwapa antibayotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji kwa siku tano. Vifo vilipungua siku mbili, kisha vikarudi. Jirani mmoja ananihimiza niongeze kipimo, mwingine anasema nitafute faji, yaani virusi vinavyoua bakteria. Naomba mnilinganishie, kwani mayai haya ndiyo karo ya watoto wangu.

Daktari wa Mifugo, Nakuru
Pole sana, ndugu yangu. Tafadhali usiongeze kipimo, kwa sababu bakteria aliye sugu hatishwi na wingi wa dawa, na masalia yake yatabaki kwenye mayai unayouza. Hata dawa inapofaulu, kuku wengi waliopona hubaki na salmonela, bakteria wa ugonjwa huu, mwilini na kuipitisha kwa vifaranga kupitia yai.

Faji hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: hujishika kwenye bakteria wake, huingiza vinasaba vyake, huzaana ndani na kumpasua, bila kuwagusa bakteria wema wa utumbo. Uteuzi huo ndio mzigo wake pia. Faji inayomuua bakteria wa banda lako huenda isimguse wa jirani, ndiyo maana huchanganywa kadhaa, na maabara hulazimika kuzijaribu kwanza juu ya bakteria wako. Zinapomshinda, utando wa bakteria waliokuzwa kwenye sahani ya maabara hutoboka matundu maangavu.

Mama Vifaranga, Kisumu
Daktari, kwa heshima, mbona chanjo haijatajwa? Chanjo hai ya aina ya 9R, yaani ya bakteria hai aliyedhoofishwa, ambayo KEVEVAPI, taasisi ya Kenya ya chanjo za mifugo, huiuza kwa jina la Fotivax, imelinda banda langu. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuwapa kuku antibayotiki juma lile lile la chanjo, nikaiua chanjo yenyewe.

Daktari wa Mifugo, Nakuru
Umesema kweli, mama, ila chanjo hukinga; haimtibu kuku ambaye tayari anaumwa.

Mwanafunzi wa Maabara, Morogoro
Mwanasayansi Félix d'Hérelle alijaribu faji dhidi ya ugonjwa huu huu huko Ufaransa mwaka 1919, kabla antibayotiki hazijapatikana. Bakteria huweza kuwa sugu kwa faji pia, lakini Smith na Huggins wa Uingereza walionyesha mwaka 1983, kwa ndama wenye kuhara, kwamba bakteria waliookoka walikuwa wamepoteza sehemu kubwa ya ukali wao, jambo ambalo antibayotiki haituahidi. Huko kwenu, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, wamekuwa wakikusanya faji za salmonela ya kuku pamoja na Chuo Kikuu cha Laval cha Kanada. Hata hivyo, huo ni utafiti, na kwa banda linaloungua leo nisingekushauri uusubiri.

Mfugaji wa Thika
Asanteni nyote. Dawa nimeisimamisha, wagonjwa nimewatenga, na kuku wawili waliokufa alfajiri nimewapeleka maabara ili bakteria apimwe dhidi ya dawa mbalimbali. Kundi lijalo litachanjwa kabla halijaanza kutaga.