Serikali haijakaza mshipi, imeacha tu kulipa wazabuni

Wakuu, nimechoka kusikia kwamba serikali ya Kenya imepunguza matumizi tangu hali ya fedha zake iharibike. Kupunguza matumizi ni kutonunua. Kinachofanyika ni kuagiza, kupokea mzigo, kuutumia, halafu kunyamaza. Kufikia Juni 2024 serikali kuu na mashirika yake ilikuwa na bili za zaidi ya shilingi bilioni 500 ambazo hazijalipwa. Kaunti nazo zilikuwa na zaidi ya bilioni 170. Pesa hizo ni za watu waliouza dawa, unga, saruji na mafuta. Ni mkopo, ila aliyekopwa hakuulizwa na mara nyingi hapewi riba.

Wengi hulaumu wizi pekee. Wizi upo, na bili hewa zipo, lakini hata bili safi hukwama, na hukwama kwa utaratibu unaojulikana. Ofisi inatoa LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa. Mzigo unafika, hati ya kupokelea inatiwa saini, kamati ya ukaguzi na upokeaji inathibitisha, ankara inaingia, vocha inaandaliwa na kupakiwa kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa fedha za serikali. Kisha ofisi inaomba pesa Hazina ya Kitaifa, Msimamizi wa Bajeti anaidhinisha zitoke kwenye mfuko mkuu, Benki Kuu inahamisha. Sasa tazama nani yuko mbele ya foleni. Deni la taifa na pensheni zimelindwa kisheria, zinakatwa kwanza, na ulipaji wa madeni peke yake unameza zaidi ya nusu ya ushuru unaokusanywa. Mishahara ikichelewa kuna mgomo. Mwenye saruji hana wa kumgomea. Kwa hiyo makusanyo yakipungua, anayebaki nje ya mlango ni yeye.

Kuna jambo baya zaidi ambalo halizungumzwi, nalo ni bajeti ya ziada, ile inayobadilisha bajeti mwaka wa fedha ukiwa umeshaanza, na ambayo huweza pia kukata. Juni 2024, baada ya maandamano, Muswada wa Fedha ulitupwa pamoja na shilingi bilioni 346 zilizotarajiwa. Rais akatangaza kwamba bilioni 177 zitakatwa kwenye matumizi na bilioni 169 zitakopwa. Kupinga ushuru ule kulikuwa haki. Ninachouliza ni kisu kilipita wapi. Makato yakigusa barabara ambayo mwanakandarasi tayari yuko kazini, kazi iliyokwisha kufanywa haifutiki kwa kufuta fungu lake kwenye kitabu cha bajeti. Hati ya malipo ipo, lami ipo, ila fungu la kulipia limepunguzwa. Ikifika tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, bili inahamia mwaka unaofuata, na huko inakula bajeti ya mradi mwingine, ambao nao unazaa bili mpya. Halafu tunaonyeshwa nakisi ya bajeti imeshuka! Imeshuka kwa sababu hesabu inasoma pesa iliyotoka, haisomi deni lililoachwa kwa fundi.

Matokeo yake yameonekana. Uchumi ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024, kutoka 5.7 mwaka uliotangulia, na sekta ya ujenzi ilinywea kabisa, ikarudi nyuma kwa asilimia 0.7. Mikopo isiyolipika ikapita asilimia 16 ya mikopo yote ya mabenki. Mnashangaa nini? Wakati uleule Hazina ilikuwa sokoni inakopa: Februari 2024 bondi ya miundombinu ilitoka kwa riba ya asilimia 18.46, na riba ya Benki Kuu ikapandishwa hadi 13. Benki yenye nafasi ya kuikopesha serikali kwa 18 bila wasiwasi itamkopesha vipi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tena anayedai serikali hiyohiyo?

Piga hesabu ya LPO moja ndogo. Bidhaa za shilingi 1,000,000, VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu yake, jumla 1,160,000. Mzabuni amezinunua kwa 850,000, na VAT yake 136,000. Faida yake kabla ya gari na vibarua ni 150,000. VAT inafuata ankara, haisubiri malipo, kwa hiyo kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata anatakiwa kupeleka KRA, mamlaka ya ushuru, tofauti ya 24,000. Tayari ametoa 1,010,000 mfukoni. Kama pesa hiyo ni ya mkopo wa asilimia 18 kwa mwaka, riba ni 15,150 kila mwezi. Kabla mwezi wa 10 haujaisha, faida yote imeliwa. Akichelewa kupeleka ile 24,000, KRA inaweza kumtoza faini na riba. Hapo ndipo hasira inanipanda. Serikali inamdai ushuru wa bidhaa ambayo yenyewe haijailipia, na ikimnyima cheti cha kutodaiwa ushuru, hawezi hata kuomba tenda nyingine. Wanaoumia zaidi ni vijana, wanawake na watu wenye ulemavu walioitwa wachukue ile asilimia 30 ya zabuni. Hawana mtaji wa kungoja hata miezi mitatu, sembuse miaka mitatu.

Msiniambie aende mahakamani. Sheria inakataza kukamata mali ya serikali. Ukishinda kesi unapewa cheti cha amri kinachoonyesha unachodai, ukipuuzwa unafungua shauri jingine la kumlazimisha ofisa mhasibu alipe, ukipuuzwa tena unaomba aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Kila hatua ni wakili na nauli. Sheria ya ununuzi ya 2015 inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini mdogo anayeidai anajua hataitwa tena. Wakubwa wa barabara huidai, na ndiyo maana barabara iliyocheleweshwa hutugharimu zaidi. Serikali ilipoamua kuwalipa wakandarasi wa barabara mwaka 2025, ilitenga shilingi 7 kati ya 25 za tozo ya barabara kwenye kila lita ya mafuta ili kupata bilioni 175 mapema kwa dhamana ya makusanyo yajayo. Yaani abiria wa matatu analipia tena, na pesa ya kukarabati barabara za kesho imeshaliwa.

Ninachodai kinaweza kufanyika bila kuongeza ushuru hata senti. LPO isitoke nje ya IFMIS, kwa sababu ile iliyoandikwa kwa mkono haitengi pesa kwenye fungu lolote, na ofisa aliyeisaini awajibike yeye. Bunge lisipitishe bajeti ya ziada bila orodha ya kazi zilizokwisha kupokelewa kwenye kila fungu linalokatwa. VAT ya mauzo kwa serikali ilipwe serikali ikishalipa. Na kila wizara na kila kaunti ibandike hadharani kila mwezi namba ya ankara, tarehe ya kupokelewa, kiasi na tarehe ya malipo. Agizo la kulipa wa zamani kwanza limetolewa mara nyingi. Bila tarehe hizo, hakuna anayeweza kuonyesha kwamba bili ya 2019 imerukwa na ya mwezi uliopita imelipwa.