Indeksi inayumba, RSI na MACD zanivuruga: nipunguze nini?

Mchangamwe: Assalaam aleikum wadau, na wengine hamjambo. Nafanya kazi zamu ya asubuhi, nikirudi nafungua chati ya S&P 500, indeksi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, ya dakika 15. Soko likipanda au likishuka wazi sina taabu. Shida ni siku kama hizi, bei yapanda kidogo, yashuka kidogo, yarudi palepale. MACD, kipimo cha kasi ya bei, ikikata kwenda juu nanunua, mishumaa miwili mbele (kila mmoja ni dakika 15 za bei) bei imegeuka, stopu, yaani oda ya kunitoa kwa hasara, imeguswa. RSI, kipimo cha nguvu ya bei cha 0 hadi 100, inazungukazunguka kwenye 50, haisemi kitu. Nimeongeza Stochastic, kipimo kingine cha aina hiyo, na mistari ya wastani wa bei za mishumaa 20 na 50, sasa hata bei yenyewe siioni. Anayetaka kuniuzia kozi apite mbali.

ChatiNaKahawa: Pole yakhe. Hizo MACD, RSI na Stochastic zote zala bei ileile. Zikikubaliana usidhani umepata mashahidi watatu, ni yuleyule mmoja kabadilisha kanzu. MACD ni tofauti ya wastani wa 12 na wa 26, lazima ichelewe. Kwenye mwelekeo mrefu kuchelewa hakuumi. Kwenye soko la kwenda na kurudi, ishara ikifika safari ishakwisha.

Weka ADX ya mishumaa 14, kipimo cha nguvu ya mwelekeo. Ikiwa chini ya 20, mikato yote ya mistari iache. Tumia Bollinger, yaani mstari wa wastani wa 20 katikati, na kingo mbili juu na chini yake kwa mkengeuko sanifu 2. Bei ikitoka ukingo wa chini huku RSI iko karibu na 30, ngoja mshumaa ufunge ndani tena, ndipo ununue. Lengo ni mstari wa kati. Kungoja ukingo wa pili ni tamaa.

BintiKisauni: Sawa, lakini ADX nayo yachelewa, hilo kaka hapo juu kalipita kimya. Wilder, mvumbuzi wake, alipoitoa mwaka 1978, pamoja na RSI na ATR (wastani wa mwendo wa bei kwa kila mshumaa), alikuwa akihesabu kwa chati za siku. Kwenye dakika 15 itakupa kelele nyingi, kwa hivyo isome kwenye chati ya saa moja, kisha rudi chini kutafuta pa kuingilia.

Cha kuogopa ni kingo za Bollinger zikibanana muda mrefu kisha zikafunguka. Bei ikifunga nje huku kingo zatanuka na ADX yapanda, usiipinge. Masafa, yaani mipaka bei iliyokuwa ikizunguka ndani yake, yamevunjika hapo, na RSI yaweza kukaa juu ya 70 jioni nzima. Stopu iweke nje ya masafa, kama ATR moja na nusu, na upunguze ukubwa wa oda ili hasara isizidi uliyozoea.

Mzee_wa_Spredi: Mbona hakuna aliyemuuliza anaingia saa ngapi?

Mchangamwe: Saa tisa mchana mzee, nikishuka tu matatu.

Mzee_wa_Spredi: Basi nusu ya ugonjwa ni huo. New York hufungua saa kumi na nusu jioni yetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja na nusu wakati wa baridi. Kabla ya hapo wanunuzi na wauzaji ni wachache, isipokuwa siku ya takwimu za bei za Marekani, hizo hutoka saa moja kabla ya soko kufunguka na kuchafua kila kitu. Siku ya uamuzi wa riba wa Fed, benki kuu ya Marekani, pia, bei hulala ikingoja tangazo. Siku hizo mimi hukaa zangu baraza.

Halafu piga hesabu. Lengo la mstari wa kati likiwa pointi 6 na spredi, tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, pointi 1, broka kashakula sehemu moja ya sita kabla hujapata kitu. Yuko kwenye orodha ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Kenya, huyo broka?

Mchangamwe: Yumo, nilihakikisha. Shukran nyote. Na bei ikiganda chini, haipandi wala haigusi stopu?

BintiKisauni: Mimi huipa mishumaa minane tu, haikusogea natoka. Wenzangu hapa watakupa nambari nyingine, zijaribu kwanza kwenye akaunti ya demo, ya pesa za bandia.

ChatiNaKahawa: Kumi na mbili 😄