Tupeane uzoefu: aya uliyoijua kwa moyo, mpaka ukasoma za juu na za chini yake

Mpangaji wa mtaa wa Umoja: Bwana asifiwe wapendwa. Ni aya gani uliyoikariri tangu utotoni, halafu siku uliposoma sura nzima ikakugeukia?

Naanza na Yeremia 29:11, ile ya kwenye kalenda na nusu ya matatu za Eastlands. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi..." Tunaiombea kazi, viza, mchumba. Kumbe ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia waliokwisha kupelekwa mateka Babeli, na aya ya 10, papo hapo juu, inawaambia watarudi baada ya miaka sabini. Sabini! Wengi waliosomewa barua ile wangezikwa huko huko. Sasa rudi sura ya 28: nabii Hanania alikuwa ameshatangaza kwamba ni miaka miwili tu mambo yaishe. Kati ya hao wawili, nani angejaza uwanja hapa Nairobi? Na bado, kwenye barua ile ya sura ya 29, mateka wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee mji ule ule uliowateka. Mimi ambaye kila mwaka nasema "hapa napita tu, kwetu ni Kisii", aya ya 7 imenifanya nianze kuhudhuria mikutano ya ploti kuhusu maji na taka.

Mama Jumuiya, Mukuru: Tumsifu Yesu Kristu. Sisi Wakatoliki tunasoma Injili kwenye jumuiya ndogo ndogo, nyumba kwa nyumba. Juzi ilikuwa Mathayo 20, vibarua wa shamba la mizabibu. Mahubiri mengi niliyosikia huwafanya wale wa saa kumi na moja kuwa watu waliochelewa kuokoka. Kijana mmoja anayetafuta kibarua Industrial Area akasema, "Hao hawakuchelewa. Someni tena." Tukasoma. Kweli, wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Akatueleza geti lilivyo asubuhi: msimamizi anatoka, ananyoosha kidole, wewe, wewe na wewe. Wenye mabega wanaingia. Mzee na mwenye kidonda mguuni wanabaki wameegemea ukuta mpaka jioni, maana ukirudi mapema watoto watajua. Na ile dinari ilikuwa mshahara wa siku nzima, yaani unga wa nyumbani. Tangu hapo yule mwenye shamba namwona kwa macho mengine kabisa.

Mzee wa Kanisa, Kangemi: Naunga mkono, ila msiwanyang'anye watu aya zao. Marehemu mama hakuwahi kusoma habari za Hanania, na 29:11 hiyo hiyo ilimvusha miaka yote ya ujane.

Mpangaji wa Umoja: Simnyang'anyi, Mzee. Hata walioandikiwa kwanza walikuwa watu wa msiba.

Mwanakwaya, Kawangware: Yangu ni Mhubiri 10:19, fedha huleta jawabu la mambo yote. Niliisikia kwenye harambee ya kuezeka kanisa. Mgeni wa heshima aliisoma kwa sauti, vigelegele, bahasha zikapita. Nikafungua pale pale kwenye viti vya kwaya. Aya ya 16 inailaani nchi ambayo wakuu wake wanakula asubuhi asubuhi. Ya 18 inasema paa hunepa kwa uvivu na nyumba huvuja. Nikampitishia Biblia mwenzangu wa sauti ya pili, kidole kikiwa kwenye hiyo ya paa. Wimbo wa sadaka ulitushinda.