Naombeni ushauri: matembezi na watoto jijini msimu huu wa joto bila siku kuishia kwenye vilio

MamaWatatu
Wakuu habarini za muda huu. Naomba mawazo yenu, maana likizo ndiyo kwanza imeanza na mimi nimeshaishiwa.

Nina watoto watatu, wa miaka 9, 6 na 2, na tunaishi na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tupo ghorofani katikati ya jiji, joto la ndani halikaliki, watoto wanagombana kuanzia wanapofumbua macho. Jumamosi nikajikaza, nikawatoa wote. Mpango: bustani ya wanyama, halafu uwanja wa michezo, halafu kutembea kando ya mto mpaka jioni. Kutoka tu nyumbani ilikuwa saa nne na nusu, tukafika saa sita kasoro. Foleni ya tiketi ipo juani. Simba kalala, chui kalala, kiboko hata pua hatukuiona. Kule uwanjani mdogo akakaa kwenye ule mtelezo wa bati na kaptula yake fupi, akaruka kama aliyekalia jiko. Paja lilimwasha mpaka usiku. Mkubwa akanuna, bibi yao akapata benchi kivulini akasema, "Nendeni tu, mtanikuta hapa." Saa nane tupo kwenye teksi, wawili wanalia, wa tatu kasinzia. Mto wenyewe hatukuuona.

Wenzangu mnafanyaje? Nataka ya karibu, yasiyotafuna hela, na bibi naye afurahi. Halafu maji nayaogopa, mimi mwenyewe sijui kuogelea.

Kivuli_Kirefu
Pole sana mama. Watoto unawaonea bure, hapo saa ndiyo ilikuangusha. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni jua linakuwa kwenye ukali wake, na wewe uliingia katikati kabisa. Mimi kipimo changu ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko mimi mwenyewe, nawarudisha watu chini ya miti. Hata simba wako analijua hilo, ndiyo maana alikuwa amelala. Nenda geti linapofunguliwa utawakuta wanyama wanazunguka.

Kuhusu mtelezo: kabla mtoto hajakalia bati, plastiki au ile sakafu nyeusi ya mpira, weka mgongo wa kiganja chako hapo sekunde chache. Ukiutoa haraka, jua jibu. Ngozi ya mtoto wa miaka miwili ni nyembamba kuliko yako.

Baba_Pacha
Mkuu hapo juu kamaliza, mimi naongeza kidogo. Vitu vitatu kwa siku moja na mtoto wa miaka miwili, dada yangu, hiyo ni ziara ya rais. Sehemu moja inatosha. Na muondoke wakiwa bado wanataka kucheza, usingoje wachoke, maana mtoto akishachoka hata njia ya kurudi inakuwa vita.

Jingine ambalo nimejifunza kwa kuumia: asubuhi kabla hamjatoka wapige picha wote na nguo walizovaa. Siku mmoja wangu alipopotea kwenye umati niliulizwa amevaa nini, nikabaki natoa macho. Fulana ya bluu? Ya kijani? Hao ni mapacha na bado sikukumbuka! Sasa nawaandikia namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, na wamekariri: ukipotea simama hapohapo, usinitafute, na ukihitaji msaada mfuate mama mwenye watoto.

Sina_Gari
Umejaribu kupanda basi au treni mpaka kituo cha mwisho? Tu. Bibi amekaa, mdogo anatazama dirishani, mkubwa mpe kazi ya kuhesabu vituo na kuwaongoza kurudi. Sisi tumegundua bustani nzuri mbili kwa njia hiyo ambazo hakuna mtu alikuwa ametuambia.

Mwokoaji_Mstaafu
Nimekaa kwenye kiti cha juu pembeni ya bwawa miaka mingi, kwa hiyo kwenye maji nitasema kwa urefu, mnisamehe.

Watu wanangoja kelele. Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo unaingia na kutoka majini, pumzi yote inaishia kwenye kutafuta hewa, mikono inasukuma maji chini kama anapanda ngazi ambayo haipo. Ukimwona kwa mbali utadhani anacheza. Na hahitaji bwawa lenye kina. Kwa mtoto mdogo sentimita chache za maji zinatosha, hata ndoo. Duniani watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaoongoza kwa kuzama, halafu wanafuata wa miaka 5 hadi 9. Mama, wanao wote watatu wamo humo.

Kwa mdogo wako kanuni ni mkono: ukiunyoosha umguse. Ukilazimika kujibu simu, mtoe majini kwanza. Mkiwa watu wazima wengi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Pangeni zamu za dakika 15, anayeangalia ashike kitu mkononi, kofia au funguo, na asikiachie mpaka amkabidhi mwingine kwa kutamka: "Sasa ni wewe."

Nguo za kuogelea nunua za rangi inayopiga kelele, machungwa au waridi kali. Nyeupe na bluu ya mpauko zikishaingia majini hazionekani. Nilishawahi kumtafuta mtoto wa kaptula ya bluu aliyekuwa mita tatu tu kutoka nilipokaa, alhamdulillah alikuwa amekaa kwenye ngazi za bwawa.

Kama ni baharini, kaeni pale penye waokoaji. Mkondo ukimvuta mtu kuelekea ndani asishindane nao. Aelee, apunge mkono, au aogelee sambamba na ufuo mpaka autoke, ndipo arudi.

MamaWatatu
Asante mzee wangu, nimesoma mara mbili. Nilikuwa nimeshanunua yale maboya ya kupuliza ya kuvaa mikononi. Hayafai?

Mwokoaji_Mstaafu
Hayo ni midoli, binti yangu. Yanatoboka, yanachomoka, na mtoto anajiona anajua kuogelea. Tafuta jaketi la kuokolea linalolingana na uzito wake, lifunge, kisha mnyanyue kwa kulishika mabegani. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa. Na hata akiwa nalo, mkono wako usiwe mbali.

Kivuli_Kirefu
Jambo moja limesahaulika: gari. Usimwache mtoto garini "dakika mbili tu" ukakate tiketi. Ndani ya gari lililofungwa joto hupanda kama nyuzi 10 kwa dakika 10, na kushusha kioo kidogo hakusaidii.

Mtaa_wa_Pili
Mimi naona mnamtisha mwenzenu. Sisi tulikua tunacheza juani kutwa nzima, krimu hatuijui, na tupo.

Baba_Pacha
@Mtaa_wa_Pili waliopo ndio wanaosimulia, mkuu.

Mjomba_Kishada
Huyo wa miaka 9 amenuna kwa sababu kila kitu kimepangwa kwa ajili ya mdogo. Mpe chake. Mimi wangu nilimpa kishada: vijiti viwili vyepesi vilivyofungwa msalaba, mfuko mwembamba wa plastiki, uzi, na mkia wa vipande vya kitambaa. Kikizungukazunguka na kuanguka, ongeza mkia. Acha akosee mwenyewe, utashangaa anavyokaa saa nzima bila kuulizia simu. Ila mbali na nyaya za umeme, na mkisikia ngurumo shusheni, muingie ndani ya jengo au gari. Mti si kimbilio. Mkae humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Na bibi mtunzie jioni ya mwezi mpevu. Siku hiyo mwezi huchomoza karibu na muda jua linapozama, kwa hiyo hamkeshi. Tafuteni benchi lenye uwazi upande wa mashariki. Utaonekana mkubwa kupindukia. Waambie watoto wanyooshe mkono na kuufunika kwa kidole cha mwisho. Baada ya saa mbili, ukiwa juu na unaonekana mdogo, waufunike tena. Kidole kilekile kinautosha. Macho yanatudanganya, ukubwa haujabadilika.

MamaWatatu
Mrejesho, wakuu. Jana tumetoka saa kumi na moja jioni, bustani moja, mti mmoja, mkeka mmoja. Nilibeba maji mengi na kofia, michezo sikubeba kabisa, nikaogopa. Kumbe chini ya ule mti kulikuwa na sisimizi wanavuta bawa la kipepeo. Wanalisimamisha kama tanga, upepo unaliangusha, wanaanza upya. Wa miaka 6 alilala kifudifudi karibu nusu saa. Bibi akaanza kuwatangazia kama mpira wa redioni, hadi watu wa mkeka wa jirani wakasogea.

Kishada kilianguka mara tano. Mkubwa hakutaka nimsaidie. Mwezi nao tuliusubiri, tukaufunika kwa vidole, isipokuwa wa miaka 6 anashikilia kwamba uliongezeka na kidole chake nacho kikakua. Kurudi hakuna aliyelia, ingawa mdogo alibebwa njia nzima na mgongo wangu mnauelewa.

Swali la mwisho kwa mzee wa bwawa, usinicheke. Mtu wa miaka 38 anaweza kuanza kujifunza kuogelea?

Mwokoaji_Mstaafu
Nimefundisha wa miaka 60. Anza pale maji yanapokufika kiunoni, shika ukuta, tumbukiza uso, pumulia nje kwa pua utoe mapovu. Wiki ya kwanza ni hayo tu. Na mkubwa wako mchukue muanze pamoja, atakucheka mpaka utasahau kuogopa.